Rangi za Gari la Spoti, Ndani na Nje: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Mchanganyiko Utakaokaa Nao

Mtu anayeagiza gari la spoti kwa kawaida huanza na rangi ya nje. Ameona picha ya gari jekundu, roho yake imekwama hapo, na suala la siti, milango na dashibodi linasubiri hadi dakika ya mwisho, ambapo hujibiwa kwa neno moja tu: nyeusi. Kwa miaka kadhaa nimewasaidia ndugu na marafiki hapa Dar es Salaam kuchagua rangi za magari ya aina hii, wengi wao wakinunua yaliyotumika kutoka Japani na wachache wakiagiza jipya kutoka kiwandani, na kila mara nimewaomba wafuate mpangilio ulio kinyume: tuanze ndani, kisha tutoke nje.

Sababu yangu inatokana na matumizi. Bodi ya gari mwenyewe unaiona kwa dakika mbili, unapoliendea na unapoliacha; muda uliobaki inatazamwa na wapita njia. Ndani ndimo unamokaa saa nzima kwenye foleni, mikono ikiwa juu ya usukani ule ule na macho yakipita juu ya dashibodi ile ile. Tena bodi inaweza kupigwa rangi upya au kuvishwa stika gari zima, na ukiichoka stika inabanduliwa. Kubadilisha rangi ya ndani ni kazi nyingine kabisa: siti zishonwe upya, paneli za milango zivuliwe, kapeti ing'olewe, na mara nyingi unaishia na ngozi nzuri iliyozungukwa na plastiki za rangi ya zamani. Kwenye gari dogo la siti mbili, ambamo kila kitu kiko karibu na macho, kasoro hiyo haina mahali pa kujificha.

Mifano yangu nitaitoa hasa kwenye magari matatu ambayo wengi huniuliza: Mazda MX-5, ambayo nyumbani kwao Japani inaitwa Roadster, Honda S2000, na Porsche 911.

Kwanza, fahamu uwanja wako wa kuchagua

Anayeagiza gari jipya ana orodha ya kiwanda mbele yake. Kwa 911 orodha hiyo ni pana mno: mbali na rangi za kawaida, Porsche ina huduma iitwayo Paint to Sample, ambayo kwa malipo ya ziada humfungulia mteja rangi nyingi za miaka iliyopita, na katika ngazi yake ya juu humruhusu kuleta sampuli yake mwenyewe ili rangi itengenezwe kwa kuifuata. Upana huo ni mtego. Mtu akipewa rangi mia na zaidi huchagua ile asiyoiona mtaani kwao, akidhani uhaba ndio uzuri. Mteja ajipunguzie: achague rangi tatu za nje na mbili za ndani, aweke orodha kando, na asiifungue tena hadi amalize hatua zinazofuata.

Anayenunua gari lililotumika yuko katika hali tofauti, kwa kuwa yeye anatafuta gari lenye rangi ambazo mtu mwingine alizichagua zamani. Hapo inafaa kujua kiwanda kiliunganisha nini na nini. S2000, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999, ilitolewa yenye ndani nyeusi, na pia yenye ndani ya nyekundu na nyeusi ambayo hadi leo hutafutwa sana. Roadster ya kwanza ilitoka mwaka 1989, na mwaka uliofuata Japani ikapata toleo la V-Special: bodi ya kijani kilichokolea, siti za ngozi ya hudhurungi hafifu, usukani wa mbao wa Nardi na kirungu cha gia cha mbao. Nissan Skyline GT-R ya kizazi cha R34, pamoja na umaarufu wote wa buluu yake ya Bayside, ndani ni kijivu na nyeusi, na anayetamani siti za rangi nyingine ajue tangu mwanzo kwamba atazigharamia mwenyewe. Kwa mnunuzi wa Kenya, ambako gari lililotumika haliingizwi likiwa limepita miaka 8, orodha inafupika zaidi: S2000, ambayo uzalishaji wake ulikoma mwaka 2009, haimo tena, na lazima aitafute miongoni mwa zilizoingia zamani.

Karatasi ya mnada ya Japani, ile inayoeleza hali ya gari lililotumika linalouzwa mnadani, isomwe kwa makini katika suala hili hili la rangi. Ina nafasi ya namba ya rangi, na hali ya ndani hupewa herufi yake peke yake, mbali na alama ya gari zima. Kwenye mchoro wa gari, herufi A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyorekebishwa, na XX ni paneli iliyokwisha kubadilishwa. Gari lenye W kwenye milango miwili na bampa limeshapitia mkono wa fundi wa rangi, na baadaye nitaeleza kwa nini jambo hilo ni zito zaidi kwa rangi fulani kuliko nyingine.

Pili, chagua ndani kwa kufuata jua

Anza na sehemu ya juu ya dashibodi, kwa sababu hiyo ndiyo inayohusu usalama. Fanya jaribio hili saa sita mchana: weka karatasi nyeupe juu ya dashibodi, kaa kwenye kiti cha dereva, kisha tazama barabara. Utaiona karatasi ikielea kwenye kioo cha mbele, ikifunika lami kwa ukungu mweupe, na pikipiki inayokatiza mbele yako itapita ndani ya ukungu huo. Dashibodi ya rangi ya maziwa, ya mchanga au nyekundu inayong'aa hufanya vivyo hivyo kila siku yenye jua, na kwenye magari ya spoti hali huwa mbaya zaidi kwa kuwa kioo chao cha mbele hulala sana. Kwa hiyo hata ukichagua siti za rangi gani, sehemu ya juu ya dashibodi na iwe nyeusi, kijivu cha giza au buluu ya usiku, isiyong'aa. Wabunifu wazuri hulijua hili. Ndiyo maana hata kwenye magari yenye ngozi nyeupe utakuta rangi nyeupe imeishia chini ya mstari wa dashibodi.

Siti zinafuata. Nyeusi ndiyo rahisi kuilinganisha, lakini ngozi nyeusi kwenye gari lisilo na paa, lililoachwa Masaki au Nyali kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, haikaliki kwa mtu aliyevaa kaptura. Rangi ya bodi nayo inachangia joto. Mwaka 2011 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, California, walichapisha matokeo ya jaribio la magari mawili ya Honda Civic yaliyoachwa juani kwa saa moja, moja jeusi na jingine la rangi ya fedha. Hewa ndani ya lile la fedha ilikuwa na joto pungufu kwa takribani nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi. Tofauti hiyo si ndogo kwa gari ambalo chumba chake kizima kinatosha watu wawili na begi moja.

Kinyume cha nyeusi ni rangi ya maziwa, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu ndiyo rangi inayowavutia wengi kwenye picha. Binamu yangu alinunua gari la rangi ya fedha lenye siti za ngozi ya maziwa, safi kama limetoka dukani. Baada ya miezi minane aliniita niangalie siti ya dereva. Kwenye tuta la siti lililo upande wa mlango, mahali paja linapokwaruza kila mtu anapoingia kwenye gari la chini namna ile, palikuwa na wingu la buluu lenye upana wa kiganja. Ilikuwa rangi ya jinzi, imeingia kwenye vinyweleo vya ngozi kwa msaada wa jasho. Tulijaribu sabuni ya ngozi na brashi laini kwa jioni nzima. Wingu lilipauka lakini halikuondoka, na uzi wa mshono, ambao ulikuwa mweupe, ulibaki na rangi ya anga. Anayetaka siti za maziwa akubali kuzipaka dawa ya kukinga ngozi tangu siku ya kwanza, kuzifuta kila wiki, na kutoingia na jinzi mpya.

Kati ya hizo mbili kuna ngozi ya hudhurungi hafifu, ile inayofanana na kiatu cha ngozi kisichotiwa rangi, nayo ndiyo chaguo langu la kwanza kwa pwani yetu. Haipati joto kama nyeusi, vumbi halionekani juu yake, jinzi ikiigusa haiachi doa linalopiga kelele, na ikizeeka hupata rangi nzuri zaidi badala ya kuonekana imechakaa. Nyekundu ni chaguo la pili, lakini itofautishwe: kuna nyekundu ya pilipili, ambayo ndani ya gari dogo humchosha mwenyewe kabla ya mwaka kwisha, na kuna damu ya mzee, ambayo kivulini hukaribia hudhurungi na juani hufunguka ikawa nyekundu. Damu ya mzee hukaa na watu muda mrefu. Kijivu hufaa kwa anayetaka utulivu, mradi kisiwe kile kilichopauka kinachofanana na plastiki ya ndoo.

Neno moja kuhusu malighafi, kwa kuwa rangi ile ile hubadilika kulingana na kilichoibeba. Alcantara, kitambaa cha viwandani chenye manyoya mafupi kama suede, humeza mwanga, hivyo nyeusi yake huonekana nyeusi kabisa na nyekundu yake huonekana nzito. Siti zake hukaa vizuri kwenye joto. Usukani wake, hata hivyo, katika unyevu wa Mombasa, Tanga au Zanzibar hunywa jasho la viganja na kulala manyoya, na baada ya muda huwa na sehemu mbili zinazong'aa mahali mikono inapokaa. Usukani uwe wa ngozi laini ya giza.

Tatu, tafuta mwelekeo wa kila rangi

Hapa ndipo michanganyiko mingi inapoharibikia. Kila rangi ina mwelekeo, ama kwenye njano, yaani upande wa joto, ama kwenye buluu, yaani upande wa baridi. Nyekundu mbili zinaweza kuitwa kwa jina moja, ilhali moja inaelekea chungwa na nyingine inaelekea zambarau. Nyeupe nazo ni hivyo hivyo: kuna nyeupe ya karatasi yenye ubaridi, na kuna nyeupe ya maziwa. Kijivu kinaweza kuwa na buluu ndani yake au kuwa na udongo. Ukiunganisha rangi za mwelekeo mmoja, hata zikiwa mbali sana kwa ukolezo, zinaelewana. Ukiunganisha mbili zinazokaribiana lakini za mielekeo inayopingana, jicho linahisi kosa ingawa mdomo hauwezi kulitaja.

Mfano mzuri ni Honda. Gari lao la mashindano ya Formula One, RA272, lililoshinda Mexico mwaka 1965, likiendeshwa na Richie Ginther, lilikuwa jeupe lenye duara jekundu la bendera ya Japani, na kutokana na ukumbusho huo kampuni ilitoa nyeupe yake ya Championship kwa NSX Type R ya mwaka 1992. Nyeupe hiyo ina umaziwa, inaelekea njano, na ndani ya gari hilo waliweka siti za Recaro nyekundu yenye joto. Weka siti zile zile kwenye gari jeupe la ubaridi, lile jeupe la friji, na utaona nyekundu imegeuka kuwa ya ukali usio na sababu.

Namna ya kutambua mwelekeo ni rahisi. Chukua sampuli ya ngozi na kibao cha rangi ya bodi, ama kifuniko kidogo cha tangi la mafuta kama gari liko mbele yako, uviweke vikigusana juu ya karatasi nyeupe ya kawaida, nje, kivulini. Usivitazame moja kwa moja kwa muda mrefu. Angalia pembeni, kisha rudisha macho haraka. Ile rangi inayoonekana chafu baada ya kurudisha macho ndiyo isiyokubaliana na mwenzake. Nimeona hudhurungi nzuri sana ikiwa peke yake ikaonekana kama tope ilipowekwa karibu na kijivu chenye buluu, na ile ile ikang'ara ilipowekwa karibu na kijani.

Kuna jambo la Roadster ambalo wanunuzi wengi hawalijui hadi gari lifike. Kwenye kizazi cha nne, kilichoanza mwaka 2015, sehemu ya juu ya paneli ya mlango kwa ndani imepakwa rangi ya bodi, kana kwamba bodi imepanda dirishani na kuingia ndani. Ukikaa, kipande hicho kiko karibu na kiwiko chako na kinapakana kabisa na ngozi. Kwa gari hilo huwezi kusema kwamba nje ni nje na ndani ni ndani. Nyekundu ya bodi na hudhurungi ya siti zitatazamana mchana kutwa, na zisipoelewana utalijua hilo kila unapofunga mlango.

Nne, sasa nenda nje: umbo kwanza

Rangi ya nje kazi yake ni kulisomesha umbo. Gari lenye mikunjo laini, kama 911 yenye viuno vyake vya nyuma, hupendeza kwa rangi za metaliki, kwa sababu chembe za alumini ndani ya rangi hung'aa pale mwanga unapopiga na kufifia pale bodi inapogeuka, na kiuno kinaonekana kimeumbwa. Fedha imefanya kazi hiyo tangu miaka ya 1930, Wajerumani walipoiacha nyeupe yao kwenye mashindano na kuingia na magari ya rangi ya fedha. Gari lenye mikunjo mikali na kona nyingi linaweza kubeba rangi tupu isiyo na chembe, kwa kuwa mistari yake inajisemea yenyewe. Gari lenye matundu mengi meusi ya hewa, midomo na mabawa ya plastiki hutulia likiwa la giza, ambapo matundu hayo yanamezwa, na hupiga kelele likiwa jeupe, ambapo kila tundu linaonekana kama doa. Wapo wanaopenda kelele hiyo, na siwakatazi, mradi waijue kabla ya kulipa.

Rangi za kitaifa za mashindano ya zamani hutoa mwongozo mzuri kwa asiyejua aanzie wapi, kwa kuwa miundo mingi ya magari ya spoti ilikua pamoja nazo. Italia ilikuwa nyekundu, Ufaransa buluu, Ubelgiji njano, na Uingereza kijani, ambacho magari yake yalikivaa Ireland mwaka 1903 kwenye mashindano ya Gordon Bennett. Gari dogo lisilo na paa, la umbo la Kiingereza kama Roadster, limezaliwa kuvaa kijani. Walioitengeneza V-Special walilijua hilo. Njano ni rangi ya mji wa Modena, nayo ndiyo iliyo nyuma ya farasi wa nembo ya Ferrari, hivyo Ferrari ya njano iko nyumbani sawasawa na nyekundu.

Kisha fikiria aina ya rangi, kwa kuwa ndiyo itakayokugharimu siku bampa litakapoguswa na bajaji. Rangi tupu, yaani nyeupe, nyekundu au njano ya kawaida yenye vanishi juu yake, ile ambayo mafundi huiita klia, fundi mzuri wa mtaani anaweza kuirudishia bila alama kubwa. Metaliki inahitaji mkono ulio sawa, kwa kuwa chembe zikilala tofauti paneli moja itaonekana nyeusi zaidi ukiitazama kwa pembeni. Zilizo ngumu kuliko zote ni zile za tabaka tatu. Nyekundu maarufu ya Mazda, Soul Red Crystal, ambayo soko iliipata mwaka 2017, inajengwa kwa tabaka linaloakisi mwanga, juu yake tabaka jekundu linalopitisha mwanga, na juu kabisa klia. Kina chake cha kupendeza kinatokana na mwanga kupita, kugonga chini na kurudi. Unene wa tabaka la kati ukizidi kidogo, mlango unakuwa damu ya mzee. Ukipungua, unakuwa waridi. Ndiyo sababu nilionya kuhusu ile herufi W kwenye karatasi ya mnada. Kwa gari jeupe W moja huenda isikusumbue. Kwa gari la Soul Red omba picha za paneli hiyo zilizopigwa nje, kutoka pembe tatu, kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Rangi isiyong'aa kabisa siipendekezi kwa mazingira yetu. Haiwezi kupigwa polishi, mkwaruzo wake haufutiki, na mwoshaji wa kando ya barabara mwenye brashi ya gurudumu ataiharibu siku ya kwanza.

Vumbi na mikwaruzo vinastahili maneno machache. Nyeusi tupu huonyesha kila mzunguko wa kitambaa cha kuoshea; unaponunua nyeusi unanunua pia kazi ya kuitunza. Vumbi jekundu la bara huonekana vibaya juu ya nyeupe na buluu, na hupotea juu ya fedha, kijivu chenye udongo, na rangi ya mchanga. Mvua ikinyesha, hata hivyo, gari la chini la kijivu kwenye lami iliyolowa halionwi na dereva wa basi aliyekaa juu, na kwa anayepita Barabara ya Morogoro au Thika kila jioni, hiyo ni sababu tosha ya kuchagua rangi inayoonekana.

Tano, vitu vidogo vinavyoharibu kazi kubwa

Paa la kitambaa ni rangi ya tatu, na lihesabiwe kama rangi kamili. Mwishoni mwa 2017 Mazda ilitoa Japani toleo la Roadster liitwalo Red Top, lenye paa la cheri ya giza na siti za ngozi nyekundu yenye hudhurungi. Paa na siti zinaitana, na bodi inabaki kimya katikati. Hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata: paa lielewane na siti kuliko linavyoelewana na bodi, kwa kuwa likifunguliwa linatoweka na siti ndizo zinazobaki kuonekana.

Kalipa za breki, yaani vile vibanio vya diski vinavyoonekana nyuma ya rimu, ziangaliwe mapema. Kwenye Porsche yenye breki za kauri kalipa kwa kawaida huwa za njano, na njano hiyo ikichungulia nyuma ya rimu kwenye gari jekundu lenye siti nyekundu inaleta rangi ambayo hakuna aliyeiita. Zipo pia nyeusi, na hizo ndizo ningeziomba. Rimu za rangi ya dhahabu hupenda buluu na kijani, nyeupe nazo huzikubali, lakini nyekundu huzigombania macho. Uzi wa mshono wa rangi ni mzuri ukiwa umerudia rangi iliyokwisha kuwepo mahali pengine kwenye gari. Mikanda ya usalama ya rangi kali naomba iachwe kwa gari ambalo ndani yake kila kitu kingine ni cheusi.

Michanganyiko ninayoweza kuisimamia

Kijani kilichokolea na hudhurungi hafifu sijawahi kuona mtu aliyekijutia. Buluu ya usiku na damu ya mzee ni nzito, ya kiutu uzima, na inaifaa 911 kuliko gari dogo. Fedha na nyekundu ya S2000 inafanya kazi kwa sababu fedha haielemei sana upande wowote, hivyo inaiachia ndani nafasi yote ya kusema. Nyeupe ya maziwa na nyekundu nimeshaieleza. Kijivu chenye udongo, siti za hudhurungi ya karanga na rimu za giza huificha safari ya Dodoma kwa wiki nzima bila kuoshwa.

Kwa anayetaka bodi ya njano, chungwa au kijani cha ndimu, ushauri wangu ni kwamba ndani pawe peusi au kijivu cha giza, na rangi ya bodi irudiwe ndani mahali pamoja tu, labda kwenye uzi. Bodi inayopiga kelele na siti zinazopiga kelele hazimwachii dereva mahali pa kupumzisha macho. Nyekundu ya nje na nyekundu ya ndani ni hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ya ule mwelekeo: rangi ya chuma na rangi ya ngozi hazilingani kamwe kikamilifu, na tofauti ndogo huonekana kama makosa ya fundi. Kama ni lazima, ndani iwe ya giza zaidi kwa wazi, ili ijulikane kwamba tofauti ilikusudiwa.

Sita, jaribu kwa saa tatu tofauti

Taa za ukumbi wa mauzo zimepangwa ili metaliki ing'ae, na skrini ya simu haisemi ukweli kuhusu rangi yoyote. Tafuta gari halisi la rangi unayoitaka, hata kama ni la aina nyingine ya kampuni ile ile, kwa kuwa namba ya rangi ni moja. Soul Red ya CX-5 iliyoegeshwa kwenye duka kubwa itakueleza zaidi kuliko picha hamsini za Roadster. Litazame saa moja asubuhi, mwanga ukiwa wa ubavuni; saa sita mchana, ambapo jua letu la karibu na ikweta linaanguka wima na kuzipausha rangi zote hafifu; na saa kumi na mbili jioni. Rangi nyingi za kijani na buluu za giza hufunguka kwenye jua kali na kuonekana karibu nyeusi tupu mwanga unapopungua. Jiulize unaendesha saa ngapi. Mtu anayetoka nyumbani gizani na kurudi gizani, akalitumia gari lake Jumapili asubuhi peke yake, achague rangi yake Jumapili asubuhi.

Kisha kaa ndani, mlango umefungwa, dakika kumi bila simu. Zile dakika mbili za mwanzo utafurahia. Angalia unachokihisi kuanzia dakika ya tano.

Saba, kadi na namba

Ukibadilisha rangi ya nje baadaye, iwe kwa kupiga rangi au kwa stika ya gari zima, kumbuka kwamba rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari Tanzania na kwenye kumbukumbu za usajili Kenya, hivyo TRA au NTSA wajulishwe na kadi irekebishwe kabla trafiki hajakuuliza. Ukichagua stika, omba pembe za milango na chini ya boneti ziachwe na rangi ya asili iliyo safi, kwa kuwa mnunuzi wa baadaye atafungua mlango na kutazama hapo kwanza. Kuhusu thamani ya kuuzia, nyeupe, fedha, kijivu na nyeusi hupata mnunuzi haraka, lakini gari la spoti halinunuliwi kwa haraka, na anayelitafuta huwa na rangi yake moyoni. Zambarau ya Midnight Purple ya R34 inatafutwa leo na watu ambao wasingeitazama mara mbili kwenye gari la familia.

Gari likishafika, tafuta kibao cha kiwanda, ama kwenye nguzo ya mlango ama chini ya boneti, uandike namba ya rangi ya nje, na ya ndani ikiwa imetajwa. Kwa Soul Red Crystal utakuta 46V, na kwa nyekundu iliyoitangulia utakuta 41V. Fundi asiyeambiwa atachanganya ya zamani kwa ajili ya gari jipya, na wewe utaigundua tofauti siku ya jua. Piga picha ya kibao hicho, uihifadhi pamoja na kadi ya gari.